Kadi za Harusi Bila Windows

Baba yangu mpenzi,

Windows nimeifuta. Kompyuta zote mbili za duka. Laiti ungekuwa hai, Swaleh mdogo wangu angeshakuja kunishtaki kwako, kwa hivyo heri uyasikie kwangu mwenyewe.

Unakumbuka pale dukani Bondeni, wewe ukichora kadi za nikaha, mimi nimekaa kando nikikata karatasi? Ulikuwa hugusi kadi mpaka utie udhu, kwa sababu ya ile Bismillahi ya juu. Mikono ikishakauka ndipo ushike kipanya. Nami sikuwa na adabu, nikikuuliza kama kompyuta nayo imetia udhu. Siku moja hukucheka. Uliitazama skrini, ukaniambia polepole: "Mwanangu, Windows hii tuliinakili tu, hatukuinunua. Naandika jina la Mungu kwa kitu cha wizi."

Ulisema utanunua ya halali, inshallah. Kila mwaka ikawa mwakani. Sikulaumu, maana tulikuwa wengi na sote tulitaka kusoma. Ukaenda na jambo hilo moyoni, likabaki kunikaa mimi.

Mwaka huu kompyuta zikaanza kutuonya kwamba Windows ile imepitwa na wakati. Swaleh, ambaye siku hizi ni karani huko Kilindini, akasema yuko fundi anayemjua, atakuja kututilia mpya kwa njia ile ile ya zamani. Nikakataa. Nikamweleza habari za Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwamba walioitengeneza wametoa ruhusa wenyewe, mtu achukue, atumie, ampe na mwenziwe. Kwa hilo hakuwa na ugomvi. Ugomvi wake ulikuwa michoro yako. Ile programu uliyochorea haikubali kwenye Linux, na faili zako nilipozijaribu huko, maua yalikatika na herufi za Kiarabu zikaachana. Swaleh akaniambia, "Watu wanakuja kwa mkono wa Baba. Ukishaufuta huo, tumebaki na nini?"

Lilinichoma, wallahi. Nililia mbele yake, na mimi unanijua si mtu wa kulia mbele za watu. Lakini sikurudi nyuma. Kadi zako zimo makabatini mwa nusu ya mji huu, hakuna wa kuzifuta. Kuendelea kuzichapa kwa kitu kile kile kilichokukosesha raha, hilo ndilo siwezi.

Basi nikajifunza kuchora upya, herufi kwa herufi, huku nikigombana na kipanya kama mke mwenza. Maua yangu manene kuliko yako, sikufichi. Bismillahi imekaa sawa.

Leo asubuhi akaja mama mmoja wa Kizingo, anamwoza binti yake wa pili. Kadi za yule wa kwanza ulimchapia wewe. Akaishika ya mfano, akaigeuza huku na huku.

"Huu si mkono wa babako," akasema.

Nikamjibu, "Si wake, mama. Ni wangu."

Akaisoma tena, kuanzia Bismillahi mpaka jina la bwana harusi. Halafu akaniuliza zitakuwa tayari lini.

Pumzika, Baba. Dukani mwako hamna tena kitu cha wizi. Iliyobaki ni kazi tu, na kazi naiweza.

Bintiyo,
Rukia