Mbwa Mweusi wa Kibara

Ghati uko wapi? Pokea simu basi! Nimeaibika leo!

Jumuiya ilikuwa hapa Buhare kwa mama Dorotea, si unajua naye ni wa kwetu Kibara. Baada ya sala, kwenye chai, nikasimulia ile video ya Uingereza. Mbwa mweusi wa mizimu, macho kama taa, ukimwona kuna msiba. Nikajifanya shahidi: "Hata Kibara alikuwepo! Miaka ile ya foleni za sukari, mama alikuwaga anapiga kelele, 'Mbwa mweusi!' na sisi watoto mbio uvunguni."

Wamama wakacheka, Ghati. Wakacheka mpaka chai ikamwagika!

Mama Dorotea akasema, "Mwanangu, huyo mbwa ni watu wa msako, wa serikali. Tulikuwaga tunashtuana hivyo tufiche sukari ya magendo. Nyie mlikuwa mnalalia gunia."

Gunia! Miaka yote naogopa mbwa, kumbe nililalia sukari.

Na huu mdomo wangu, kwa aibu nikaropoka: "Sasa mbona mama alisema huyo mbwa ndiye aliyemla baba?"

Hakuna aliyecheka tena. Mama Dorotea akaangalia kikombe chake.

Baba, Ghati. Tulizika shina la mgomba badala ya mwili, maana mama alisema mbwa hakuacha hata mfupa.

Alipelekwa wapi?

Niko mlangoni kwa mama sasa hivi. Ananiuliza mbona siingii.