Nipo, na Njaa Yangu

Mlikuwa wapi nyinyi? Shule zimefungwa, zimefunguliwa, miti imetoa majani mapya, na mimi nimekaa kwenye ukurasa huu kama kigoda cha jikoni ambacho hakuna anayekikumbuka mpaka miguu imuume. Mkiwa na raha hamna bibi. Haya, kaeni. Leo barua ni moja tu. Nimesomewa mara mbili, na mara ya pili niliomba taa iwashwe ingawa ulikuwa mchana. Asiyependa kusisimka mwili afungue ukurasa wa mpira.

*

Bibi yangu, shikamoo. Naomba unishike mkono maana nimefika mahali sijui kama ninaumwa au nina dhambi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, na pia nimepewa chumba cha malezi, kile chenye mkeka na viti viwili, ambapo mtoto mwenye shida anakuja kusema kilicho moyoni. Darasani kwangu palikuwa na msichana tuliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, na kila asubuhi nikiita majina wenzake wanasema “Nipo, mwalimu,” lakini yeye anasema “Nipo, na njaa yangu,” basi darasa zima linacheka, hata mimi nacheka, maana mama yake aliwahi kuniambia langoni, “Mwalimu, huyu anakunywa uji vikombe viwili kabla hajavaa viatu, hiyo njaa anaitoa wapi?”

Likizo iliyopita Chiriku alishikwa na homa na hakupona. Shule ilipofunguliwa mwalimu mkuu akatuita ofisini akasema watoto wadogo hawaambiwi mambo ya kifo, tuseme Chiriku amehama, nami nikaingia darasani nikasema amehama, wakaniangalia tu, hakuna aliyeuliza amehamia wapi. Siku ile ile nikaita majina, na kwa mazoea ulimi ukateleza nikamwita na yeye, na kabla sijajirekebisha mtoto mmoja wa nyuma akasema “Yupo,” bila kuinua kichwa, akaendelea kuchonga penseli. Nikasema ni utoto, kesho nitaliruka hilo jina. Kesho yake nikaliruka. Bibi, niliyemwita baada yake hakuitika, wa pili hakuitika, wote wamekaa mikono juu ya madawati wananitazama, kimya mpaka chaki ikanivunjikia mkononi, nikarudi nyuma nikaita jina la Chiriku, mmoja akasema “Yupo,” na wengine wakaanza kuitika kama vile hakuna lililotokea.

Tangu hapo naita. Kila siku anajibu mtoto mwingine, na sijawahi kuwaona wakipanga zamu. Kiti chake cha dirishani hakikai vumbi, ingawa sijamwona anayekifuta. Wakipanga mstari wanaacha nafasi ya mtu mmoja, na mgeni akiingia kwenye nafasi hiyo wanamsogeza taratibu, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake bila kujua.

Wiki iliyopita asubuhi kulikuwa na wingu zito na umeme haukuwepo, nikaita jina lake, na mara hii hakuna aliyesema yupo. Nikainua macho. Sauti nyembamba ikatoka pale dirishani, “Nipo, na njaa yangu.” Wakati huo nilikuwa namtazama mwenzake wa dawati, msichana mpole anayelelewa na babu yake ambaye ni mlinzi wa usiku, na nakuapia midomo yake ilikuwa imefungwa. Hakuna mtoto aliyegeuka. Hakuna aliyecheka. Mimi nimesimama na daftari la majina mkononi, mpaka kiranja akaniambia kwa upole, “Endelea mwalimu, ameshaitika.”

Huyo mwenzake wa dawati naye ananipa hofu, wakati wa mapumziko hachezi wala halii, analaza shavu pale katikati ya dawati ambapo Chiriku alikuwa akiweka kopo lake la chakula, maana yule mtoto hakuwahi kuliweka upande wake, siku zote katikati, nikajua ni majonzi, nikamwambia mlango wa chumba cha malezi uko wazi, mpaka leo hajaja.

Sasa kilichonitoa usingizini ni hiki. Kwa kuwa kila jina ninaloita linaitikiwa, darasa langu limepewa bendera ya mahudhurio, na mwalimu mkuu ameweka picha yetu kwenye karatasi ya habari za muhula inayopelekwa nyumbani. Katika picha watoto wameacha pengo katikati na wawili wa pembeni wamekunja mikono hewani kana kwamba wamemshika mtu mabega. Siku ya kufunga shule kila mtoto atapewa karatasi hiyo, na mdogo wake Chiriku yuko darasa la kwanza, ataipeleka kwa mama yake, na mama atasoma kwamba darasa la marehemu mwanawe halikukosa mtoto hata siku moja. Nilimwambia mwalimu mkuu, akacheka, “Mwalimu, wewe unahitaji likizo.” Bibi, nilifute jina kimya kimya, niombe uhamisho, au nitafute mtu wa kuja kuliombea darasa?

Wako, Mwalimu wa Dirishani

*

Mwalimu, mwanangu, marahaba. Vuta pumzi kwanza, umeandika kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Huumwi. Dhambi unayo, ila ni ndogo na ina dawa.

Amehama. Amehamia wapi? Mtoto hanyamazi kutwa, halafu ahame bila kuaga? Na mdogo wake yuko darasa la kwanza, mlidhani mdomo wake ni wa kunywea uji peke yake? Wale watoto walijua kabla yako. Walipokutazama kimya walikuwa wanakuonea huruma. Waliona wakubwa mmeshindwa kulibeba neno, wakalibeba wao kwa zamu. Mmewaachia watoto wa darasa la tatu msiba, na wanaukesha mchana kweupe, peke yao, mbele ya mwalimu mwenye chumba cha malezi. Ona aibu kidogo. Basi, inatosha, futa machozi.

Sasa njoo kwenye njaa, maana hapo ndipo nilipoomba taa. Mtoto amekunywa uji vikombe viwili, na kila asubuhi anatangaza njaa. Kopo lake haliweki upande wake, analiweka katikati. Mwalimu, umeniandikia yote hayo kwa mkono wako mwenyewe na hukuyasikia? Njaa ile haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani yake. Babu analinda mali za watu usiku, asubuhi anarudi amekufa kwa usingizi, nani amchemshie mtoto chai? Yule mpole angekufa kabla ya kusema ana njaa, kwa hiyo Chiriku alimsemea, akafanya mzaha ili mwenzake asiaibike. Nyinyi mkacheka. Tangu Chiriku aondoke, kopo halipo katikati, na huyo anayelaza shavu pale unasema ni majonzi. Ni majonzi, ndiyo, lakini yamelalia tumbo tupu.

Unaniambia mlango uko wazi. Mlango wazi ni wa mbuzi. Mtoto mwenye aibu anafuatwa.

Kuhusu ile sauti, unaniapia midomo ya mtoto ilikuwa imefungwa. Sikubishii. Mume wangu alipokufa, komeo la uani liliendelea kulia wakati wake wa kurudi kazini, na sikuita mtu wa kuombea komeo. Nilisema “Karibu,” nikaendelea kumenya viazi. Ila sikumpakulia. Chakula niliwapa waliokuwa na matumbo. Sijui nani alisema pale dirishani, na anayekuambia anajua anataka kukuuzia kitu. Ninachojua ni kwamba aliyesema amerudia jambo lile lile alilolisema akiwa hai, na bado hujalifanyia kazi.

Basi fanya hivi. Kabla karatasi haijatoka, nenda kwa mama yake Chiriku, kwa miguu yako, bila mwalimu mkuu na bila bahasha ya rambirambi. Kaa chini. Mwambie watoto wamekataa kumwachilia mwanawe, na mwambie kuhusu kopo, maana hicho ni kitu cha mama kukijua. Akilia, usimnyamazishe. Akitaka kuja darasani, mshike mkono uje naye.

Kisha waambie watoto. Sema amefariki. Usiseme amelala, hutaki darasa zima liogope kitanda. Waache walie, waulize, wengine wacheke, ndivyo watoto walivyo. Ita jina lake mara ya mwisho, waitike wanavyotaka, halafu usiliite tena. Kiti usikiguse wewe. Watakisogeza wenyewe siku yao ikifika.

Bendera irudishe. Mwalimu mkuu akinuna, mwambie Bibi amesema bendera ni kitambaa, na yeye aende akaongee na mama wa mtoto kabla hajacheka tena.

Na yule mpole, kesho, usingoje siku ya kufunga. Chukua chakula chako, vuta kiti chako mwenyewe ukae pembeni yake, weka kopo katikati ya dawati, kula upande wako na uzungumze mambo ya mvua. Usimtazame anapochukua. Keshokutwa hivyo hivyo. Jioni babu akishaamka, nenda ukamsalimie, na umwachie heshima yake, si mzembe yule, ni mchovu. Mpange pamoja nani atampa mtoto chai ya asubuhi, iwe jikoni shuleni au kwa jirani.

Na ikitokea, baada ya yote hayo, asubuhi ya wingu ukasikia tena kutoka dirishani, “Nipo, na njaa yangu,” usikimbie wala usivunje chaki. Jibu kwa sauti ya kawaida: “Nimekusikia, mwanangu. Ameshakula.”

Haya, nenda. Na safari hii usikae muhula mzima ndipo unikumbuke. Ila ukija tena kwangu, sitaki kusikia nani ameitika. Njoo uniambie yule mtoto amekula nini.