Msiba wa Baba Umegeuzwa Harusi

Shikamoo mama,

Huku Masaki mvua haikatiki, lakini mihogo yao ya kuchoma ni mitamu kuliko ya kwetu. Leo tulipaswa kurekodi msiba wa marehemu baba, tukio lililonifanya niandike filamu yenyewe. Mama mwenye nyumba tuliyoazima akasimama mlangoni: "Kwangu haliliwi mtu ambaye hajafa. Mnajiitia balaa." Nikashindwa kumwambia kuwa baba amekufa kweli. Mtayarishaji akaamua tuweke harusi badala yake, na watu wakashangilia. Mimi mwongozaji nikaulizwa tu kama nitakula pilau.

Koti la baba ulilonipa nimvalishe mwigizaji halina kazi tena. Nimelivaa mwenyewe. Mikono yake inanipita vidole.

Nawe huko Mbwawa jikinge na baridi, mama.

Mwanao, Zuhura