Sidiria kwenye Feni ya Rejeta

Shoga, roho imenichafuka!

Si unajua mume wangu aliifunga mwenyewe nyumbani feni kubwa kwenye rejeta ya gari letu, eti mafundi hawajui kitu? Leo gari limechemka katikati ya barabara, yeye anaendesha, mimi na mama mkwe tumo ndani.

Tukashuka, fundi wa jirani kaja kafungua boneti. Feni inaning'inia, imefungwa kwa sidiria. SIDIRIA, shoga! Imelowa grisi, imeungua upande mmoja, inanuka.

Mama mkwe kachungulia. "Si ndiyo yangu hii?"

Ile aliyonisingizia wiki nzima kwamba nimeiiba!

Mume wangu, bila haya: "Mama, yako ndiyo yenye mpira imara."

Nikangoja mama amfokee. Wapi! Kaichomoa sidiria, kanitupia mimi mikononi, na grisi yake.

"Kaifue."