Jina Nililoliruka Siku ya Maziko Yako

Mpendwa Shangazi Leokadia,

Barua hii nimeianza mara tatu kwa Kifaransa, lugha ya shahada yangu, na mara tatu nimeichana, kwa kuwa wewe na mimi hatukuwahi kuambiana jambo la maana kwa Kifaransa. Jumamosi ijayo, mwaka mmoja baada ya maziko, ukoo unaondoa matanga yako. Kabla ya siku hiyo, sina budi kuungama.

Unazikumbuka alasiri za Jumapili pale mtaani Mutakura, milio ya risasi ilipokuwa ingali mbali, upande wa milimani? Wewe ulikuwa ukikata vitenge mezani, Zuhura akipiga pasi ya makaa, nami nikisoma masomo yangu ya historia kwa sauti, nikitaraji kusifiwa. Siku moja ulinikatiza.

"We mutoto, histoire yako inaanza na wazungu kila siku. Hapa batu hawakuishi?"

"Umwache," Zuhura akacheka, "iko na mtihani."

"Mtihani ndiyo huu."

Ukaweka mkasi chini, ukanifundisha. Ulinisimulia habari za Mzee Ramazani wa Buyenzi, aliyezaliwa msichana, akaishi mwanamume, na akazikwa mwanamume kwa sababu rafiki zake walisimama mlangoni hadi ikakubaliwa hivyo. Ukanisimulia juu ya makarani wawili wa bandarini waliojenga nyumba moja yenye milango miwili ya mbele, ili kila mmoja aonekane akiingia kwake. Ulisimulia kwa fahari, kama wengine wanavyosimulia vita vya mababu. "Batu kama mi na Zuhura hatukuanguka jana kutoka kwa ndege," ulisema. "Tulikuwako. Andika." Niliandika, Shangazi, lakini niliandika kwa penseli, ili iwe rahisi kufuta.

Kisha vita vikashuka mtaani. Barabara zilipofungwa, homa yako ikazidi. Zuhura alikuketisha juu ya baiskeli akaisukuma hadi hospitali, akapita vizuizi viwili vya askari, na katika kila kizuizi akasema kuwa wewe ni dada yake. Mlikuwa mmeishi chumba kimoja miaka kumi na minane. Ulifariki asubuhi iliyofuata, mkono wake ukiwa chini ya shingo yako.

Baba, kaka yako, aliniteua kusoma historia ya maisha yako baada ya maziko, wakati wa kunawa mikono, waombolezaji wanaporudi nyumbani kwa marehemu na kumwagiwa maji. Heshima hiyo ilinilevya. Niliandika kurasa tatu. Baba alizisoma akiwa na kalamu mkononi, akakata sentensi moja, ile yenye jina la Zuhura.

"We ni musomi," akaniambia kwa upole. "Musomi anajua cha kuacha."

Nami nikaacha. Mbele ya ukoo na majirani nilitangaza kwamba ulikuwa mwanamke mpweke uliyejitoa kwa kazi ya ushonaji, kwamba jirani mmoja mwema alikufikisha hospitali, na kwamba hukuacha mtu. Waliofiwa walikuwa wamekaa mkekani. Zuhura hakupewa mkeka. Alipewa birika, akawa anawamwagia wageni maji. Alipofika kwangu aliyamwaga polepole, kwa uangalifu wote.

"Umesoma muzuri, monsieur le licencié," alisema, akinivika shahada ambayo sikuwa nayo bado. "Sauti ilifika mpaka barabarani."

Tangu siku hiyo sijaufurahia wino wowote nilioutumia. Nilipata shahada yangu, nikapigiwa makofi, na ndani ya makofi hayo nilikusikia umenyamaza. Kuna wanaosema watu kama nyinyi hawakuwahi kuwapo katika nchi hii. Wanasema hivyo kwa sababu watu kama mimi walikabidhiwa karatasi na wakajua cha kuacha.

Juma lililopita nilimtafuta Zuhura. Nyumba yenu haina tena paa. Sasa anaishi Buyenzi, katika stoo ya duka la kaka yake, kati ya magunia ya mchele. Nilipiga magoti. Nikamwomba ruhusa ya kulitaja jina lake Jumamosi, nikamweleza pia hatari zake.

"Inuka, utachafua pantalon," alisema. Akavuta gunia la mchele, akaketi. "Nitaje. Mi niko na miaka hamsini na mbili. Batanifanya nini ambayo vita haikufanya?" Kisha, nilipofika mlangoni: "Na Ramazani. Na bale makarani. Usinitaje peke yangu, nitaogopa."

Jana nilimpelekea Baba hotuba mpya. Mara hii hakushika kalamu. Alisema tu kwamba nikisoma ukurasa wa pili, nisirudi kulala nyumbani kwake. Mama aligeuza uso ukutani. Leo nimehamisha vitabu vyangu hadi Mutanga Sud, kwa mwenzangu wa chuo, na ndipo ninapokuandikia, sakafuni, kwa kuwa kiti ni kimoja.

Sina ushujaa, Shangazi. Nawapenda wazazi wangu, na sijui kama watanisamehe, wala kama Zuhura atakuja kusikiliza. Ukurasa wa pili nimeuandika kwa wino, nao unaanza hivi: "Leokadia ameacha mjane. Anaitwa Zuhura."

Lala, Shangazi. Nitasoma kwa sauti ile ile iliyofika barabarani.

Mpwa wako na mwanafunzi wako.