Mvuke Umepata Mlango

Baba,

Pai za nyama ziko kwenye oveni, zima saa saba. Nimekwenda kumchukua mjukuu wako Kaisa kwenye mazoezi ya kuteleza barafuni. Koleo la theluji lirudishe stoo, paa halivuji.

Nilikwambia tangu asubuhi, maji yalipoanza kudondoka bafuni, nawe ukapanda juu ya paa kuondoa theluji. Mimi nikaingia darini. Bomba la feni inayovuta mvuke wa bafuni ulilikomesha humo humo, bila kulitoa nje, miaka ishirini iliyopita, eti joto lisipotee bure. Kumbe mvuke wote wa kuoga ulikuwa unaganda kwenye misumari ya paa, na leo baridi ilipolegea kidogo ukayeyuka, ukatunyeshea. Mbao mbili zimeshaota ukungu.

"Mtu wa Florida anifundishe mvuke," ukasema, "mimi niliyezaliwa ndani ya mvuke wa sauna?"

Haya. Bomba nimelitoa hadi nje ya ukuta, na nimelivisha blanketi lake la kuzuia baridi ili mvuke usigande njiani. Ukiwasha feni, isogezee kipande cha karatasi ya choo. Kikinata, inavuta.

~~Nasubiri uniombe radhi.~~ Radhi sitaki tena. Nilikuona uani umesimama na koleo lako, unautazama mvuke ukitoka ukutani. "Si mbaya," ukasema peke yako. Miaka kumi na mmoja tangu niolewe na mwanao, sijakusikia ukisifu kitu kiasi hicho. Nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni, kwa wino.

Mkwe wako wa Florida