Wimbo Uleule, Hesabu Mbili

Jumamosi, Julai. Mkomaindo, Masasi.

Kumekucha na upepo wa baridi na harufu ya salfa. Ndio msimu wa kupuliza mikorosho, na jirani yangu aliwasha mashine yake ya mgongoni kabla sijafumbua macho vizuri. Siku za nyuma ningetoka na khanga yangu nikagombe, maana studio yangu ni chumba cha mbele cha nyumba hii hii, na ule mvumo unaingia kwenye kila ninachorekodi. Leo nimelala nausikiliza mpaka ukaisha. Sikukasirika.

Sijakasirika na kitu tangu Machi. Wala sijafurahi. Nikiulizwa hali nasema salama, na si uongo, ni kwamba hakuna kingine cha kusema.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Mama Upendo, kazi yangu ni kurekodi kwaya. Februari nilikwenda Lulindi, nilikozaliwa, nikawarekodi akina mama wa kwaya nyimbo nane mle kanisani. Mama yangu alikuwemo, sauti ya pili, mstari wa nyuma. Machi mama akafariki. Presha, siku mbili tu, basi.

Sikulia. Msibani watu walisema nimejikaza. Shangazi yangu, ambaye hajui kunong'ona, alisema moyo wangu mkavu kama makopa ya muhogo. Arobaini ikapita, bado sijalia. Nikarudi kazini.

Aprili nikamaliza kumiksi zile nyimbo. Nikasikiliza. Jamani, zilikuwa zimekufa. Kila sauti ilikuwepo mahali pake na hakuna hata moja iliyonigusa. Mtu mwenye akili angejiuliza maswali. Mimi nikailaumu kompyuta.

Nieleze kidogo, maana ndiyo habari yenyewe. Sauti ikishaingia kwenye kompyuta inageuka namba. Ukiongeza besi au ukipunguza mwangwi, kompyuta inazidisha na kugawanya zile namba, na kila hesabu inaacha videsimali vya mwisho ambavyo haina pa kuviweka. Inavikata. Programu yangu inaweza kupiga hesabu kwa biti thelathini na mbili, inakata mapema kidogo, au kwa biti sitini na nne, inakata mbali kabisa huko. Nilikuwa nimetumia thelathini na mbili. Nikajiambia, ahaa, uhai wa wimbo umekatwa pale.

Nikaanza upya. Nyimbo nane, kila kitu, kwa biti sitini na nne. Kompyuta yangu ni ya zamani, ilikuwa ikihema kwa wimbo mmoja asubuhi mpaka mchana. Mei ikaisha, Juni ikaisha. Mwalimu Chilumba, kiongozi wa kwaya, alikuwa akipiga simu kila wiki, na kila wiki nikawa na jibu jipya. Sikukuu ya parishi ni Jumapili ya wiki ijayo na albamu inazinduliwa siku hiyo. Aliniambia mtu wa kunakili flashi anazitaka nyimbo leo Jumamosi, ikipita leo hakuna uzinduzi. Akina mama kumi na wanane wameshashona sare.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Ni Mmakonde wa Newala, na mimi ni Mmakua, kwa hiyo nyumbani kwetu utani hauishi, ila tangu msiba ameupunguza. Jumatatu aliniuliza swali moja tu: hiyo tofauti, umeshaisikia bila kujua ipi ni ipi? Nikamwambia masikio yangu ndiyo yanayotulisha. Akasema sawa, basi tuwaulize wenye nyimbo.

Jumatano, siku yao ya mazoezi, tukapanda Lulindi na spika yangu nzuri. Baba Upendo alikaa kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa na kazi ya kueleza. Nikawaambia mtasikia mwanzo wa wimbo mara mbili, wa kwanza tunauita A, wa pili B, mseme upi una uhai zaidi. Sikuwaambia upi ni wa hesabu gani. Wakasikiliza wametulia kabisa. Nikasema, wanaoona ni A wanyooshe mikono. Kimya. Wanaoona ni B? Mikono yote juu, kumi na minane na wa mwalimu!

B ilikuwa ya biti sitini na nne. Nilisikia kitu kinachofanana na furaha, au angalau nilijua hapa ndipo watu hufurahi.

Baba Upendo akasema turudie. Wakasikiliza tena, wakapiga kura tena, B tena, wote. Ndipo akasimama, akajifuta miwani, akasema, "Mama zangu, mnisamehe. Hizi mbili za mwisho ni kitu kimoja. Nimewapigia wimbo uleule mara mbili."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mkwe, umetutega kama panya wa shambani!" Mwalimu Chilumba alikuwa ameshika daftari lake kifuani, hacheki sana. Ikabidi aseme ukweli. Alinyoosha mkono kwa B kwa sababu alidhani nikitaja kitu cha pili nitakuwa nimekiandaa zaidi. Na wale kumi na wanane walinyoosha kwa sababu mwalimu amenyoosha. Kwaya ya Lulindi haijawahi kuingia kabla ya mkono wa mwalimu, itaanza leo? Mimi niliyekulia katika safu zile nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Niliwapigisha kura mbele ya mtu wanayemfuata hata akikohoa.

Tukafanya upya. Mwalimu aliombwa akae nje, akatoka kwa shingo upande. Makopo mawili ya maziwa yakawekwa nyuma ya pazia la sakristia, kila mama akapewa punje ya mbaazi. Anaingia peke yake, anasikia wimbo wote mara mbili, anatia punje yake anapotaka, anatoka bila kusema. Baba Upendo alikuwa akirusha sarafu kuamua upi utangulie, na kila mara akiyapanga makopo kwa mpangilio huo. Mimi nilikuwa nje na Mwalimu Chilumba muda wote. Nilisema naangalia betri. Betri ilikuwa imejaa.

Tulipomwaga makopo tukakuta mbaazi tisa upande mmoja na kumi upande wa pili. Baba Upendo akahesabu tena, maana watu ni kumi na wanane na hesabu isiyotimia inamnyima raha. Bibi Agnesi akacheka na pengo lake. Ndiye aliyekuwa akisimama bega kwa bega na mama miaka yote.

"Mimi nilichukua mbili, mwanangu. Nimemsikia mama yako huku, nikamsikia na kule. Ningemnyima wapi?"

Wenzake wakaitikia mmh, mmh. Mmoja akanishika mkono. Nikasema asante. Mkono wangu ulikuwa pale kama mkono wa mtu mwingine.

Njiani kurudi nilijitetea. Nikasema wale ni mama zangu na nawaheshimu, lakini hawana mazoezi ya kusikiliza. Masikio ya fundi ni mengine. Baba Upendo aliendesha tu.

Leo baada ya chai nikamwambia, haya, nipime mimi.

Tukakaa chumba cha mbele. Nikavaa hedfoni nikautazama ukuta, yeye nyuma yangu. Nilichagua mwenyewe kipande cha kusikiliza, sekunde ishirini, kile nilichokijua vizuri. Nasikia A, nasikia B, halafu nasikia cha tatu ambacho sarafu imekichagua, nami nataja ni A au B. Mara kumi na sita. Niseme ukweli wangu: sikuwa nabahatisha. Kila mara nilikuwa na hakika. Nilisema B hii, sikia ilivyo na nafasi. Nilisema A hiyo, imekauka. Mara moja nilitikisa hata kichwa kwa masikitiko.

Nimepata saba.

Mtoto aliyefumba macho na kujaza majibu angepata nane.

Nikamwambia subiri. Nikachukua nakala zote mbili za wimbo nikazipanga sawasawa, nikageuza moja kichwa chini miguu juu ili zikutane zifutane, kibaki kile tu kisichofanana. Nikabonyeza. Kimya. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, kimya. Tofauti ipo, kompyuta inaionyesha kwa namba, sifuri nyingi halafu kitu kidogo sana mwishoni, lakini hakuna sikio duniani litakalokifikia. Miezi mitatu ya kazi yangu nimeisikiliza yote, na haina sauti.

Nilitegemea niaibike. Nikawa nimekaa tu.

Baba Upendo akavuta kiti akaja mbele yangu. Akasema, "Mama Upendo, kile kipande ulichochagua ni ubeti wa kwanza."

Nikasema ndiyo, ni kizuri kwa kupimia.

"Na kila siku nikipita hapa nasikia ubeti wa kwanza na wa pili. Wa tatu sijawahi kuusikia. Nimeusikia Jumatano, Lulindi."

Ubeti wa tatu anaanzisha mama. Peke yake, maneno manne, kisha sauti zote zinamfuata.

Ni kweli, kila nilipofika mwisho wa ubeti wa pili nilisimamisha, nikasema tatizo nimeshalisikia. Na Aprili, ule ubeti niliumiksi kwa kutazama michirizi kwenye kioo, spika zimezimwa. Nilisema naokoa umeme. Nimekuwa nikisema wimbo umekufa na sijawahi kuusikiliza hadi mwisho.

Nilitaka kosa liwe la namba. Namba zingerekebishika. Na maadamu narekebisha, kazi haijaisha, na kazi yenye mama ndani haijaisha. Nilipokuwa nimejificha ni hapo, nimepaona leo, na siwezi kusema napaonea fahari.

Sikuogopa kitu mwaka huu, hata pale kaburini. Leo nimeogopa. Nilimwambia apige ubeti wa tatu, yeye mwenyewe, mimi nisiguse.

Mama ameingia mapema. Haki ya Mungu, mapema! Nusu ya pigo kabla ya mkono, kama kawaida yake, yeye pekee katika kwaya nzima aliyekuwa hasubiri mkono, na kila Jumatano alikuwa anagombezwa na kila Jumatano alikuwa anajibu kwamba wimbo ulikuwa tayari. Kabla ya neno la kwanza anavuta pumzi. Maiki imeichukua yote. Halafu sauti yenyewe, nzito kidogo, ile iliyokuwa ikiniita nitoke kisimani.

Niliumia. Naandika hivyohivyo. Iliniuma kifuani, mahali ambapo kwa miezi minne hapakuwa na kitu.

Nikasema rudia. Akarudia. Nikamuuliza hii ni ipi, A au B? Akasema hajui, hakutazama. Sikumwambia atazame.

Nimetuma zile za Aprili. Nyimbo nane, mtandao ukisuasua, mpaka saa saba mchana zikawa zimefika zote. Mwalimu Chilumba akapiga simu palepale. Shikamoo yangu hakuisubiri, alianza kunishukuru, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe.

Akasema karatasi ya jalada inachapwa sasa hivi, majina yote kumi na tisa yapo, ila jina la mama hawakujua waliandikeje. Wengine wanasema aachwe na wenzake kama alivyoimba. Wengine wanasema awekwe peke yake chini, kwenye kumbukumbu. Wameona waniulize mimi mtoto wake.

Tangu Machi mimi nasema mama hayupo. Watu wa benki, watu wa nyumba, mtoto wangu mwenyewe, wote nimewaambia hayupo, mtu ungedhani ameenda sokoni atarudi na nazi.

Nikamwambia, "Mwache kwenye sauti ya pili, Mwalimu, pale pale karibu na Bibi Agnesi. Halafu mbele ya jina andika Marehemu."

Akasema, "Umesemaje, mwanangu? Simu inakatakata."

Ikabidi niliseme tena. Marehemu. Mara ya pili sauti yangu haikufika mwisho wa neno, na Baba Upendo akaichukua simu mkononi mwangu akamalizia yeye.

Nimelia kuanzia hapo hadi alasiri, kwa kelele, bila adabu yoyote, majirani wamekuja kuuliza kuna msiba gani. Baba Upendo aliwaambia ni ule ule wa Machi. Wakasema ooh, wakavua viatu, wakaingia wakakaa na mimi.

Macho yamevimba, naandika kwa shida. Kesho Jumapili nakwenda kusali Lulindi. Sibebi maiki.